Mikorosho Isiyo na Mpaka

Mama alinipigia simu akiwa juu ya kichuguu. Nilijua yuko huko kwa sababu ya upepo uliokuwa ukivuma ndani ya simu, na kwa sababu nyumbani kwetu Vihingo hakuna mahali pengine mtandao unaposhika. Kichuguu chenyewe kiko nyuma ya jiko, na tangu baba afariki mama amekipanda mara nyingi kuliko magoti yake yanavyotaka. Mimi nilikuwa shuleni Kibaha, nasahihisha madaftari ya darasa la sita, tukijiandaa kufunga kwa likizo ya Juni. Nikatoka nje ya ofisi ya walimu, nikapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una watu hapo?"

"Hapana, nimetoka nje. Kuna nini?"

"Watu wa kilimo wamepita. Wanauliza shamba hili la nani."

Nikamwambia awajibu kuwa ni la baba.

"Ndivyo nilivyowajibu. Wakasema marehemu hapewi salfa."

Salfa ni ule unga wa njano unaopuliziwa mikorosho inapotoa maua. Bila huo, ugonjwa wa ubwiri unga unaingia. Asubuhi zenye ukungu maua yanaanza kuonekana kama yamenyunyiziwa unga wa muhogo, kisha yanageuka kahawia, kisha yanapukutika, na msimu umekwisha kabla haujaanza. Serikali huleta salfa ya ruzuku kwa wakulima, na kwa miaka mingi ilitolewa kwa kufuata daftari la kijiji. Jina la baba lilikuwa humo. Alipofariki hakuna aliyelifuta. Kila msimu baba mdogo alikwenda, akataja jina la kaka yake, akabebeshwa mifuko kwenye baiskeli, akarudi. Mtendaji alijua, mwenyekiti alijua, kijiji kizima kilijua, na hapakuwa na ubaya wowote maana mikorosho ilikuwepo na iliendelea kuzaa.

Mwaka ule wakasema basi. Kila mkulima aandikishwe upya, aonekane kwa macho, awe na namba ya kitambulisho cha taifa, atiwe alama za vidole, shamba lake lipimwe na mikorosho ihesabiwe. Asiyekuwemo kwenye mfumo hatapata kitu.

"Baba mdogo anasemaje?" nikamuuliza mama.

Akahamishia simu sikio la pili.

"Hasemi. Njoo, mwanangu."

Ni lile neno "hasemi" lililonifanya nisilale vizuri siku zile za mwisho wa muhula. Baba mdogo ni mdogo wake baba wa tumbo moja, aliyemfuata kwa kuzaliwa. Pori lile walilifyeka pamoja wakiwa vijana, na mikorosho waliipanda pamoja. Nyumba ya baba ikajengwa upande mmoja, nyumba ya baba mdogo upande mwingine, na katikati ni mikorosho tu, safu kwa safu, pasipo mtaro wala mti wa alama. Baba alipoondoka, baba mdogo ndiye aliyebaki anapalilia, anapogolea matawi, anasimamia waokotaji, anapeleka korosho chama cha msingi. Mama alikuwa akiletewa fungu lake, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza fungu hilo lilikatwaje.

Kaka yangu, anayefanya kazi Mwanza, alipopata habari alianza kunitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nausikiliza jikoni, simu nimeiweka kando ya sufuria.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Serikali ikishaingiza jina kwenye mfumo, limeingia. Kesho na keshokutwa ukienda baraza la ardhi utaulizwa, nani alikuwa akipokea pembejeo za shamba hili? Baba mdogo akijiandikisha yeye, mama atabakiwa na nyumba na uwanja wa kuanikia. Nenda ukakae pale mpaka jambo hili liishe. Usirudi Kibaha."

Nikamjibu kuwa baba mdogo si mtu wa namna hiyo.

"Hakuna mtu wa namna hiyo," kaka akasema, "mpaka siku anapokuwa."

Shule ilipofungwa nilipanda basi hadi Mlandizi, na pale nikachukua bodaboda ya kunipeleka Vihingo. Njia nzima nilikuwa naangalia mikorosho ya watu. Maua yalikuwa yameanza kutoka kwenye ncha za matawi. Mashamba mengine yalikuwa yamefyekwa vizuri chini, mengine nyasi zimefika magotini, na kwa kila shamba nilijikuta najiuliza, hili la nani, na hili je, na wenyewe wanajuaje.

Kwa kawaida nikifika tu nyumbani, kabla sijamaliza kunywa maji, baba mdogo huwa ameshafika uani. Huja na chochote kilichopo, mihogo, papai, siku nyingine mikono mitupu, anakaa kwenye kigoda na kuniuliza habari za Kibaha kana kwamba ni nchi ya mbali. Siku ile hakuja. Mama alinipakulia wali na kisamvu, nikala nikiangalia njia inayotokea upande wake.

"Anaumwa?" nikauliza.

"Mzima. Asubuhi nimemsikia anakata matawi."

"Mmegombana?"

"Mimi na shemeji yangu tugombane kwa lipi?" Mama akaanza kukusanya vyombo hata kabla sijamaliza. "Tangu wale watu wapite hajavuka kuja huku. Nami sikwenda kule. Basi."

Kesho yake akaja bibi shamba, afisa ugani wa kata, msichana mdogo mwenye mabuti marefu na pikipiki iliyopakaa vumbi jekundu. Alikuwa na kishikwambi kama vile tulivyogawiwa sisi walimu, amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alimwamkia mama kwa kupiga goti, na hilo likanipunguzia hofu kidogo. Baba mdogo alitokea naye, akiwa amevaa koti lake la kazini. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba akiangalia chini, pembeni ya miguu yangu.

Tukaanza kutembea shambani wote wanne. Bibi shamba alitembea mbele akibonyeza kile kishikwambi kila tulipofika kona. Baba mdogo alikuwa akimwongoza, huu mkorosho umeungua moto wa jirani, ule umezeeka, hii mitatu ni michanga bado haijatoa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa akiongelea miti. Tulipomaliza kuzunguka tukasimama kivulini, na bibi shamba akafuta kioo kwa upindo wa shati.

"Sasa," akasema, "shamba la marehemu linaishia wapi, na la mzee linaanzia wapi?"

Baba mdogo akabandua ganda kavu kwenye shina la mkorosho.

"Mzee wangu, mfumo unataka shamba moja, mwenyewe mmoja. Kama ni mawili, nionyesheni yanapokutana nipite hapo."

"Hayakutani," baba mdogo akasema.

"Una maana gani?"

"Hayakutani kwa sababu ni moja. Hakuna mpaka hapa. Haujawahi kuwepo."

"Sawa. Kama ni moja, ni la nani?"

Mama alijifunga upya kanga yake iliyokuwa imefungwa vizuri tu. Nilitaka kusema "ni la mama", maneno yalikuwepo mdomoni, lakini yule mzee alikuwa amesimama mita chache kutoka kwenye mti alioupanda kwa mikono yake, na sikuweza. Bibi shamba alituangalia mmoja mmoja, nadhani alishaona familia nyingi zikinyamaza namna ile.

"Ijumaa ndiyo siku yangu ya mwisho kijijini hapa," akasema kwa upole. "Nitakuwa ofisi ya kijiji mpaka jioni. Mkubaliane, mje na kitambulisho. Mkichelewa, msimu huu salfa itawapita, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Alipowasha pikipiki baba mdogo alikuwa ameshageuka anaelekea kwake, anapita katikati ya miti bila kuangalia nyuma.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kuamka na kuangalia ukungu. Kule kwetu, majira yale, ukungu unapanda kutoka bondeni upande wa Ruvu na kukaa shambani mpaka jua lipate nguvu. Nilikuwa natoka na kanga mabegani, natembea kati ya miti nikivuta matawi chini niyaangalie maua kama mtu anayekagua masikio ya mtoto. Bado yalikuwa safi. Lakini yalikuwa yamelowa, na mama alisema ukungu wa namna ile haupiti bure.

Nikaamua kwenda kwa baba mdogo. Nilikuwa nimechana karatasi kwenye daftari na kuandika maneno machache kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, kwamba shamba ni la ndugu wawili, kwamba jina litakaloandikwa serikalini ni kwa ajili ya pembejeo tu. Nilidhani nimepata njia ambayo haitamuumiza mtu. Nilimkuta uani kwake ameifungua ile mashine ya kupulizia inayobebwa mgongoni, vyuma vimetandazwa juu ya gunia, anasafisha kimoja kimoja kwa kitambaa chenye petroli.

"Baba, nimeandika kitu kidogo," nikasema. "Wewe ujiandikishe, maana kazi yote unafanya wewe. Ila tutie sahihi hapa, wewe na mama, mwenyekiti ashuhudie. Ili baadaye watoto wasije wakagombana."

Hakuipokea ile karatasi. Aliendelea kusugua.

"Kaka yako ndiye aliyekutuma?"

"Hapana, baba. Ni mimi."

"Mimi na baba yako pori hili tulilikata kwa shoka moja. Akichoka yeye napokea mimi. Hatukuwahi kuandikiana."

"Siyo kwamba hatukuamini."

Akaweka kile chuma chini. "Umekuja na karatasi," akasema, "lakini hujaniuliza kama nataka kujiandikisha."

"Unataka?"

Aliinua uso akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nilidhani atasema jambo. Kisha akachukua chuma kingine akaanza kukisugua, na mama mdogo akatoka ndani akaniuliza kama nimeshakunywa chai, tukaongelea chai.

Nilirudi nyumbani na hofu kubwa kuliko niliyokwenda nayo. Kama hataki kujiandikisha na hataki karatasi, anataka nini? Nilipomsimulia kaka kwenye simu, pale juu ya kichuguu, akasema, "Ameshajiandikisha. Nenda kamuulize huyo bibi shamba. Mtu hawezi kuwa mtulivu hivyo kama hajamaliza mambo yake."

Ijumaa asubuhi, kabla ya chai, mama mdogo alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu. Alikuwa amejitanda kanga kichwani kama mtu anayekwenda msibani.

"Mwenzangu, yuko huku?" akamuuliza mama.

"Nani?"

"Ameondoka baada ya swala ya alfajiri. Amevaa kanzu, amechukua baiskeli. Hakusema anakwenda wapi."

Tukaangaliana. Mama alikaa kwenye kigoda cha mlangoni. Mimi nikaingia ndani kuvaa. Nilipotoka alikuwa ameshachukua ule mfuko wa nailoni anamotunza kitambulisho chake na kadi ya kliniki, ameukunja mkononi.

Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Watu walikaa kwenye benchi na wengine kwenye msingi wa nyumba, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Nikapenya hadi mezani kwa bibi shamba, nikainama nimuulize kwa sauti ya chini kama baba mdogo ameshafika kujiandikisha. Akapekua kwenye kioo.

"Hajafika."

Ningetakiwa kupata nafuu. Sikuipata. Niliwaza labda amekwenda wilayani moja kwa moja, nikawaza labda kapata ajali, nikawaza vitu ambavyo siwezi kuviandika juu ya mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo. Nikarudi kukaa karibu na mama. Alikuwa akichomoa nyuzi za pindo la kanga, anaziviringa, anazitupa.

"Kama ameamua, ameamua," akasema bila kunitazama. "Namuomba Mungu anijulishe mapema tu. Nijue nitalala wapi."

"Mama, usiseme hivyo. Una watoto."

"Nina watoto Kibaha na Mwanza. Kaburi la baba yenu liko hapa."

Majina yaliitwa moja moja. Mara mbili bibi shamba alituangalia kwa mbali akiinua nyusi, na mara mbili nikamwashiria bado. Wanaume walikwenda swala ya Ijumaa wakarudi. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea nyuma ya msikiti tuliposikia bodaboda inasimama nje, na sauti ya mwanamke inamgombeza dereva kwamba amempitisha kwenye mashimo yote aliyoyajua.

Alikuwa shangazi. Shangazi ndiye mkubwa wa baba na baba mdogo, aliolewa Dutumi zamani sana, ana nyonga mbovu na hatoki ovyo. Baba mdogo alikuwa nyuma yake, kanzu imejaa vumbi hadi kifuani. Baiskeli alikuwa ameiacha huko Dutumi. Mama aliinuka kumpokea wifi yake, nami nikakimbilia kumshika mkono, shikamoo yangu akaiitikia juu juu.

"Nani aliyeita serikali ije kugawa shamba?" akauliza, na watu wa kwenye benchi wote wakageuza shingo.

"Shangazi, hakuna anayegawa. Ni habari ya salfa."

"Twende pembeni."

Tukaenda kwenye upenu wa nyuma ya ofisi, shangazi, mama na mimi. Baba mdogo hakutufuata. Alibaki kule mbele amesimama peke yake, anajipangusa kanzu kwa mgongo wa kiganja. Shangazi akaegemea ukuta, akavuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo.

"Huyu hana namba."

"Namba gani?" nikauliza.

"Ya kitambulisho. Walipoandikisha watu mara ya kwanza alikwenda. Wakamwambia jina la baba kwenye kadi yake ya zamani siyo hilo analolitaja, alete cheti cha kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa porini wakati ule, cheti akitoe wapi? Akaacha. Hata laini ya simu anayotumia ni ya mkewe. Ameishi hivyo mpaka leo na hakuna aliyemuuliza, maana akienda kuchukua salfa anataja jina la kaka yake."

Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Sasa mmemletea mambo ya mpaka," shangazi akaendelea. "Mkichora mpaka, upande wenu utasomeka. Upande wake hausomeki popote. Kwa serikali, mikorosho yake itakuwa haipo. Ameendesha baiskeli asubuhi yote anitafute mimi niwaambie, kwa sababu yeye hawezi."

"Kwa nini hakusema tu?" nikauliza.

"Angemwambia nani? Wewe mwalimu, uliyempelekea karatasi atie sahihi?"

Nilimchungulia baba mdogo. Mtu mmoja alikuwa anamsemesha, naye anaitikia kwa kichwa huku macho yako kwetu.

"Na mimi sijamaliza," shangazi akasema, sauti yake ya kawaida imerudi. "Ile mikorosho miwili ya mbele, karibu na njia, hiyo ni ya mama yetu. Ilikuwepo kabla hao hawajafyeka. Tangu mdogo wangu afariki sijaona korosho yake hata ya kukaanga. Au mimi siye mtoto wa mtu?"

Mama akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu nifike, kicheko kifupi kilichochanganyika na machozi. "Wifi, si ungesema tu."

"Nasema sasa."

Tulirudi ndani wote. Mama alikwenda mezani moja kwa moja, akatoa kitambulisho kwenye mfuko wake, akakiweka mbele ya bibi shamba. Kidole gumba kilikataa kusomwa, akakifuta kwenye kanga, kikakataa tena, akajaribu cha shahada, kikakubali. Niliona kitu cha kijani kimewaka.

"Mikorosho mingapi niandike, mama? Ya upande upi?"

"Yote."

"Pamoja na ya mzee?"

"Shemeji yangu alikwambia nini siku ile? Hakuna mpaka. Andika yote."

Bibi shamba alimtazama baba mdogo aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akatutazama sisi. "Mimi naandika nilichokiona," akasema. "Niliona shamba moja." Akabonyeza. Simu ya mama haishiki mtandao akiwa nyumbani, kwa hiyo namba ya kupokea ujumbe ikaandikwa yangu. Alipomaliza akashusha sauti, lakini si sana. "Ila mkumbuke, kuanzia leo mfumo unajua shamba lote ni la mama huyu."

Baba mdogo alisikia. Akaenda kumsaidia shangazi kupanda bodaboda.

Nilirudi Kibaha shule zilipofunguliwa, na hofu ikahamia ndani ya simu yangu. Kila ilipolia niliruka. Ilikuwa matangazo ya vifurushi, ilikuwa wazazi wa wanafunzi, ilikuwa watu wa kubahatisha namba. Ujumbe wa salfa haukuja. Mama akawa anapanda kichuguu kunipa habari: ubwiri umeingia kwa jirani wa bondeni, kwetu bado. Kisha: kwetu umeanza, upande wa kwa shemeji. Baba mdogo alizunguka maduka ya pembejeo Mlandizi akarudi mikono mitupu, kila duka limekwisha.

Ujumbe ulipokuja nilikuwa nafundisha. Niliusoma mara mbili, salfa imefika ofisi ya kijiji, mkulima aliyeandikishwa afike na kitambulisho. Nikampigia mama, hapatikani. Nikampigia mama mdogo, hapatikani. Mwisho nikamkumbuka yule dereva wa bodaboda wa Mlandizi, nikampigia, akageuza pikipiki pale pale kwenda Vihingo kuwaambia. Jioni mama alinipigia. Sikuuliza chochote kabla hajasema, "Tumeipata." Kwa nyuma niliisikia sauti ya baba mdogo ikimwelekeza mtu mahali pa kuiweka mifuko isiloe.

Jumamosi nilikwenda. Nilifika nikakuta kazi imeanza tangu kabla ya jua, wakati umande bado umeshika na upepo haujaamka. Baba mdogo alikuwa ndani ya wingu la njano, kitambaa usoni, mashine inanguruma mgongoni. Alianzia upande wa nyumba ya mama. Alipofika upande wake upepo ulikuwa umeshaanza, ikabidi aache mpaka kesho yake, na pale ndipo maua yalipokuwa yameharibika zaidi. Nilimuuliza kwa nini hakuanza na yaliyougua.

"Upepo ulikuwa unatokea huku," akasema akinawa uso.

Sijui. Sikuona upepo wowote nilipofika.

Mwaka ule tulivuna, si kama miaka ya nyuma, lakini tulivuna. Upande wa baba mdogo korosho zilikuwa chache, za mama nyingi kidogo, na zote zikakusanywa kwenye lundo moja kama siku zote. Shangazi alipelekewa za miti yake miwili kwenye kiroba, zikiwa bado na vumbi. Kaka aliniuliza kwenye simu, "Kwa hiyo shamba limeandikwa la mama?" Nikamwambia ndiyo. Akashukuru Mungu. Nilijaribu kumweleza habari ya namba ya baba mdogo, akasema hilo ni jambo dogo, litashughulikiwa.

Likizo ya Desemba nilimchukua baba mdogo tukaenda Kisarawe mjini kushughulikia hilo jambo dogo. Shangazi alikuwa ameapa mbele ya wakili kwamba huyu ni ndugu yake wa tumbo moja na jina la baba yao ndilo hilo. Baba mdogo alivaa kanzu ileile, imefuliwa. Wakampiga picha. Wakamchukua alama za vidole, na kijana aliyekuwa akimshika vidole akamwambia avilegeze, mzee, usiogope. Alipoulizwa namba ya simu ya kupokelea majibu alinigeukia, nikaitaja yangu.

"Mkasubiri ujumbe," yule kijana akasema.

Tulikunywa chai na chapati karibu na stendi kabla ya kurudi. Baba mdogo alikuwa ametulia, anapuliza chai kwenye kisosi.

"Mama yako akitangulia kabla namba yangu haijaja," akasema, "itakuwaje?"

"Mama mzima, baba."

"Najua. Nauliza tu."

Nikasema tutauliza.

"Tutamuuliza nani?"

Nilikuwa sijui, na yeye alikuwa anajua kwamba sijui. Akamalizia chai yake, akalipa kabla sijafungua mkoba, tukaenda kutafuta gari. Mvua za masika zimeshanyesha mara mbili tangu siku hiyo. Mama sasa hapandi tena kichuguu, wajukuu wa baba mdogo ndio wanaompandia. Ujumbe wa namba ile bado sijaupata, na simu yangu siizimi.